Kutoka Ushabiki hadi Tasnifu: Jinsi ya Kusoma Anime na Manga Kitaaluma Ukiwa Dar es Salaam

Kila mwaka msimu wa udahili unapofunguliwa, na tena wanafunzi wa mwaka wa tatu wanapoanza kuhangaika na mada za tasnifu, maswali yale yale hunifikia. Je, anime, yaani filamu za katuni za Kijapani, inaweza kuwa mada ya chuo kikuu? Nisome shahada gani? Ni lazima nijue Kijapani kwanza? Mhadhiri akisikia nataka kuandika kuhusu katuni, atanisikiliza? Nimeyajibu kwa simu, kwa ujumbe wa sauti, na hata nikiwa nimening'inia ndani ya daladala la Mwenge, kwa hiyo naona ni vyema niyajibu kwa maandishi na kwa utulivu, ili atakayeuliza mwezi ujao apate pa kuanzia.

Inawezekana, na wapo wanaoifanya kazi hii kwa miaka mingi. Lakini lipo jambo ambalo shabiki mgeni katika taaluma huchelewa kulielewa: mapenzi yamekupa saa nyingi za kutazama ambazo mhadhiri wako hana, ila hayajakupa hoja. Hoja huanzia pale unapoacha kusema "hii ni kali" na kuuliza swali linaloweza kujibiwa kwa ushahidi, na ushahidi wenyewe uwe ule unaoweza kuufuata kwa nauli ya daladala.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari la karatasi. Utaandika huku ukitazama, na simu ukiishika mkononi haitakuacha uandike.
- Kazi moja unayoifahamu vizuri na unayoweza kuirudia mara kumi bila kukwama, iwe kitabu cha manga (komiki za Kijapani) au mfululizo wa anime ulioupata kwa njia halali.
- Kompyuta, hata ya kuazima, yenye programu ya kuchezesha video inayoruhusu kusogeza picha moja baada ya nyingine. VLC hupatikana bure, na ndani yake unasimamisha video kisha unabonyeza herufi E.
- Kitambulisho cha maktaba ya chuo chako. Kama hujaingia chuo bado, Maktaba Kuu ya Taifa iliyopo Barabara ya Bibi Titi Mohamed inatosha kwa kuanzia.
- Mtu mmoja asiyeipenda anime, atakayekusomea rasimu. Akikuelewa yeye, na mtahini atakuelewa.

Huhitaji kujua kuchora, wala kuwa umefika Japani, wala kuwa umetazama kila kitu. Ukisubiri umalize kila kitu hutaanza.

Hatua ya 1: Orodhesha ulichotazama, kisha chagua kazi moja

Kaa jioni moja uandike majina ya kazi zote unazozikumbuka, na mbele ya kila jina andika kitu kimoja mahsusi kilichokushika: mlango uliofungwa kwa muda mrefu bila mtu kusema neno, mama anayepika huku mwanawe akidanganya, mtu anayebadilisha namna ya kumwita mwenzake baada ya ugomvi. Usiandike "stori nzuri". Kazi ambayo umeweza kuiandikia mambo mahsusi matatu au zaidi ndiyo ya kuchagua, hata kama siyo ile unayoipenda kuliko zote.

Tahadhari: ukubwa wa kazi ni mtego. One Piece ilianza kuchapishwa mwaka 1997, na toleo lake la televisheni limevuka vipindi 1,000. Kipindi kimoja kikichukua dakika 24, vipindi hivyo elfu moja ni saa 400 za kutazama tu, bila kusimamisha wala kuandika. Kwa tasnifu ya shahada ya kwanza chagua filamu moja, au juzuu moja hadi matatu ya manga, au vipindi vitatu vya anime ndefu ambavyo utaeleza kwa nini ni hivyo na siyo vingine.

Hatua ya 2: Chagua mlango wa kuingilia

Usipoteze muda ukitafuta shahada yenye jina la anime katika orodha ya kozi za hapa nchini. Vyuo vya namna hiyo vipo Japani. Chuo Kikuu cha Kyoto Seika kilianzisha kitivo kizima cha manga mwaka 2006, na mwaka huo huo chuo hicho na jiji la Kyoto wakafungua Makumbusho ya Kimataifa ya Manga ndani ya jengo lililokuwa shule ya msingi. Kuanzia mwaka 2018 hadi 2022 chuo hicho kiliongozwa na Oussouby Sacko, msomi wa usanifu majengo aliyezaliwa Mali, na huwa namtaja kwa kila kijana anayedhani kwamba mambo haya yana wenyewe na Mwafrika ni mgeni mwalikwa.

Hata hivyo, wengi waliojenga taaluma hii hawakupitia kitivo cha manga. Susan Napier alitokea kwenye fasihi ya Kijapani, Ian Condry ni mwanaanthropolojia, na Marc Steinberg ni mtu wa taaluma ya filamu. Kila mmoja alibeba zana za fani yake na kuzitumia kwenye anime. Nawe utafanya vivyo hivyo: utasoma fasihi, isimu, historia, sanaa bunifu, uandishi wa habari au sosholojia, na anime itakuwa data yako. Mwanafunzi wa kidato cha tano mwenye tahasusi ya HKL au HGL yuko mahali pazuri kabisa.

Ukiwa na wasiwasi kuhusu mlango upi, angalia yale mambo mahsusi uliyoyaandika katika hatua ya kwanza. Kama yanahusu wahusika na usimulizi, nenda fasihi. Kama yanahusu vita, viwanda na miaka, nenda historia. Kama yanahusu watazamaji, nenda sosholojia au anthropolojia.

Mlango wa isimu na tafsiri nitauzungumzia zaidi, kwa sababu Mswahili anaingia pale akiwa na mtaji ambao wengi hawana. Kurasa za manga zimejaa maneno ya kuigiza sauti na hali. Kijapani kina *dokidoki* kwa moyo unaodunda na *kirakira* kwa kitu kinachong'aa, na kinalo hata neno *shiin*, linalochorwa ukurasani kuonyesha kwamba hakuna sauti yoyote. Mfasiri wa Kiingereza akifika hapo hupata tabu, na mara nyingi huacha mchoro ulivyo na kuweka maelezo madogo pembeni. Sisi tunalala fofofo, tunajaza pomoni, tunaanguka pu, tunanyamaza jii, na vitu vyetu vinametameta. Tanakali zetu hazikomei kwenye sauti. Zinaonyesha hali, kama za Kijapani. Mtu akikaa na juzuu moja la manga na kujaribu kuziweka tanakali zake zote katika Kiswahili, akirekodi zipi zimekubali na zipi zimekataa na kwa nini, tayari ana mada ya tasnifu ya isimu, na hahitaji kupanda ndege.

Hatua ya 3: Geuza unachokipenda kuwa swali

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo twende taratibu.

Kijana mmoja wa Mbagala aliniletea mada hii: "Mchango wa anime katika jamii ya Kitanzania." Nilimuuliza anime ipi, mchango gani, na jamii ya wapi, akanyamaza. Mada ya namna hiyo haina makosa ya lugha, ila haina pa kushikia: mtu hawezi kuithibitisha wala kuikanusha.

Rasimu ya pili ilikuwa: "Jinsi vijana wa Dar es Salaam wanavyotazama anime zilizotafsiriwa kwa Kiswahili." Imesogea, kwa kuwa sasa tuna mahali, watu na lugha. Bado "jinsi wanavyotazama" inaweza kumaanisha mambo mia.

Nikamwambia anisimulie kitu kimoja kilichomshangaza kwenye kibanda umiza, yaani kibanda cha kuonyeshea video, anakotazama. Akasema kwamba katika maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya kioo, mdogo wa kike anamwita mkubwa wake kwa jina tu, lakini DJ, yaani msimulizi anayeitafsiri filamu kwa Kiswahili, akasema "kaka". Masikio ya kijana huyu yalikuwa yamesikia *oniichan* katika sauti ya Kijapani, na alijua maana yake ni kaka. Kwa hiyo Kiingereza kilikuwa kimeiondoa ile heshima njiani na Kiswahili kikairudisha, ingawa DJ mwenyewe hakujua Kijapani na alikuwa akitegemea Kiingereza.

Rasimu ya tatu ikatoka hapo hapo tulipokaa: "Je, wasimulizi wa Dar es Salaam wanaotafsiri anime kupitia Kiingereza hurejesha maneno ya heshima na ya undugu yaliyoachwa na tafsiri ya Kiingereza, na huongozwa na nini wanapofanya hivyo?" Hili ni swali. Lina jibu ambalo hatulijui mapema, lina data inayohesabika, na jibu likiwa "hapana, hawarejeshi" tasnifu bado inasimama.

Lipime swali lako kwa mambo matatu: je, naweza kulijibu vibaya? Je, data yake naipata ndani ya miezi mitatu? Je, mtu asiyependa anime atataka kujua jibu? Likishindwa jaribio mojawapo, rudi kwenye daftari.

Tahadhari: usianze na neno "umuhimu" wala "athari". Athari za anime kwa maadili ya vijana ni mada inayoombwa sana na ngumu mno kuithibitisha, na mara nyingi mwandishi huishia kuandika mahubiri.

Hatua ya 4: Tafuta waliokutangulia

Andika maneno ya utafutaji kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kisha nenda maktaba. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ile maktaba mpya iliyozinduliwa mwaka 2018 ina kompyuta za kufungulia hifadhi za majarida ambayo ukiwa nyumbani yangekudai malipo. Mwombe mkutubi akuonyeshe, maana wakutubi wanajua njia nyingi kuliko wanafunzi wanavyodhani. Jarida la kuanzia ni Mechademia, linalochapishwa na Chuo Kikuu cha Minnesota tangu mwaka 2006 na lililojikita katika anime, manga na mashabiki wake. Makala ukiikosa kabisa, mwandikie mwandishi barua pepe fupi ya adabu ukieleza wewe ni nani na unaihitaji kwa kazi gani. Wengi hutuma.

Usiishie kwa waandishi wa Japani na Marekani. Matthias Krings, mwanaanthropolojia wa Ujerumani, ameandika kwa kina kuhusu Lufufu na wenzake waliosimulia filamu za nje kwa Kiswahili hapa Dar, na Jigal Beez amechunguza komiki za Kiswahili katika jarida la Swahili Forum, linalosomwa bure mtandaoni. Mwanafunzi anayelinganisha manga na jarida letu la katuni la Sani, lenye wahusika kama Ndumilakuwili na Lodi Lofa, au na katuni ya Chakubanga ya gazeti la Uhuru, anazungumza jambo ambalo mtafiti wa Tokyo hawezi kulisema.

Soma makala tano kwa makini badala ya ishirini kwa kupitia juu juu. Kwa kila moja andika sentensi tatu: mwandishi anadai nini, anatumia ushahidi gani, na ni kitu gani hakukigusa. Sentensi ya tatu ndiyo itakayokuonyesha pengo lako.

Tahadhari: kurasa za mashabiki mtandaoni ni nzuri kwa kukumbuka nani alikufa kipindi cha ngapi, ila haziingii kwenye marejeleo.

Hatua ya 5: Tazama kwa ukaribu

Shabiki hutazama ili ajue kitakachofuata. Mtafiti anajua tayari kitakachofuata, kwa hiyo hutazama namna kilivyotengenezwa.

Chagua onyesho la sekunde 30. Litazame mara ya kwanza bila sauti, mara ya pili ukisikiliza bila kutazama, na mara ya tatu ukisogeza picha moja moja. Mara ya tatu utaona jambo ambalo macho yamekuwa yakilipita miaka yote: mtu anazungumza, lakini kinachobadilika ni mdomo tu, na uso, nywele na mabega vimetulia tuli. Filamu hupita kwa picha 24 kila sekunde. Mchoro mmoja ukishikiliwa kwa picha tatu, inatosha michoro minane kwa sekunde badala ya 24. Hesabu hiyo ndiyo iliyomwezesha Osamu Tezuka na studio yake ya Mushi kurusha Astro Boy kila wiki kuanzia tarehe 1 Januari 1963, kwa bajeti ndogo na wachoraji wachache, wakirudia pia michoro waliyoihifadhi kutoka vipindi vya nyuma. Nilipoliona hili kwa macho yangu mara ya kwanza, niliacha kuuliza kwa nini wahusika wa anime husimama wakitafakari kwa muda mrefu namna ile, nikaanza kuuliza utulivu huo umekuja kumaanisha nini kwa mtazamaji. Thomas Lamarre ameandika kitabu kizima kuhusu mwendo na utulivu katika anime, na ukifika kwake ukiwa umekwisha kuhesabu michoro mwenyewe utamsoma kwa faida kubwa zaidi.

Kwa manga, fanya hivi: hesabu visanduku vya ukurasa, pima kikubwa na kidogo, fuata jicho linavyotembea kutoka kulia kwenda kushoto, na uandike kinachotokea katika mwanya kati ya kisanduku na kisanduku, maana hapo ndipo msomaji anapojaza mwenyewe.

Weka matokeo katika jedwali. Yule kijana wa Mbagala alipiga mistari minne daftarini: muda, kinachosikika kwa Kijapani, kinachosomeka kwa Kiingereza, na anachosema DJ. Safu moja ilikuwa na *senpai*, neno la kumwita aliyekutangulia shuleni au kazini, upande wa Kijapani, jina tupu upande wa Kiingereza, na "kaka mkubwa" upande wa DJ. Nyingine ilikuwa na mwanafunzi anayeinama bila kusema neno. Kiingereza hakikuwa na kitu, na DJ akamwekea mdomoni "shikamoo mwalimu". Safu ile peke yake ilimpatia kurasa mbili za uchambuzi, kwa sababu DJ alikuwa ametafsiri mwili.

Tahadhari: kusimulia hadithi si kuchambua. Ukiona umeandika aya mbili mfululizo zenye "kisha" na "baadaye", zifute na uandike sentensi moja ya muhtasari.

Hatua ya 6: Ukienda kwa watu, nenda kwa utaratibu

Kama swali lako linahusu watazamaji au wasimulizi, pata kwanza barua ya utambulisho kutoka chuoni, kisha uipeleke serikali ya mtaa kabla ya kufika kibandani. Msalimie mwenye kibanda, mweleze unachofanya, na ulipe kiingilio kama wengine. Usiwashe kinasa sauti kabla ya kuruhusiwa. Watoto chini ya miaka 18 ni wengi katika vibanda umiza, na huwezi kuwahoji bila idhini ya mzazi au mlezi. Njia rahisi ni kuwahoji watu wazima tu. Majina ya watu usiyaandike, tumia herufi au namba, na kuwa mwangalifu zaidi unapowahoji wanaouza muvi kwenye flashi, kwa kuwa masuala ya hakimiliki yanaweza kuwaletea matatizo kwa sababu ya tasnifu yako.

Hatua ya 7: Jifunze Kijapani kiasi cha kazi yako

Anza na hiragana 46, kisha katakana 46, seti mbili za herufi za matamshi ambazo kwa pamoja huitwa kana. Mtu anayejisomea nusu saa kila siku anaweza kuzishika zote ndani ya wiki chache. Kanji, yaani herufi zenye asili ya Kichina, za orodha rasmi ya matumizi ya kawaida ni 2,136 na hizo ni safari ya miaka, lakini manga za vijana zimekupa daraja: pembeni mwa kanji huchapwa herufi ndogo za kana zinazoonyesha matamshi. Kwa hiyo ukizijua kana tu, unaweza kulitamka neno na kulitafuta kwenye kamusi.

Kama swali lako halihusu lugha, huhitaji zaidi ya hapo kwa shahada ya kwanza. Kinachotakiwa ni kusema wazi kwamba umetumia tafsiri, na ni tafsiri ipi. Kwa shahada ya uzamili na kuendelea, anza lugha sasa hivi.

Hatua ya 8: Mwone msimamizi ukiwa na karatasi

Usiende mikono mitupu ukasema "nataka kuandika kuhusu anime". Peleka ukurasa mmoja wenye swali lako, kazi utakayoichunguza, majina ya wasomi watatu waliotangulia na wanachodai, njia ya kukusanya data, na mfano mmoja wa jedwali ulilokwisha kulijaza. Mhadhiri akiona jedwali anaona kazi imeanza, na mazungumzo yanahama kutoka kwenye katuni kwenda kwenye mbinu.

Hatua ya 9: Andika

Andika kwanza sura ya uchambuzi, utangulizi uje mwisho. Chagua istilahi mapema na uzieleze mara moja tu: kisanduku, kiputo cha maneno, mchoro, onyesho. Majina ya Wajapani kwao huanza na la ukoo, ilhali vitabu vya Kiingereza mara nyingi huyageuza, kwa hiyo amua utaratibu mmoja na uufuate hadi mwisho.

Makosa mawili ya dhana yanajirudia sana. La kwanza ni kuita *shonen* aina ya hadithi. *Shonen* ni wasomaji waliolengwa na jarida, yaani wavulana, na ndani ya jarida moja kama Weekly Shonen Jump, lililoanza mwaka 1968, hukaa vichekesho, michezo, mapigano na mambo ya kutisha kwa pamoja. La pili ni kuandika "Wajapani wanaamini kwamba" kwa sababu mhusika mmoja amesema hivyo. Hakuna anayesoma riwaya moja ya Kiswahili akadai amejua Watanzania wote wanachoamini.

Ukinukuu mchoro, weka ule unaouchambua tu, taja mchoraji, juzuu na ukurasa, na uujadili chini yake. Picha ya mapambo haina nafasi.

Hatua ya 10: Ukitaka kuendelea nje

Serikali ya Japani, kupitia wizara yake ya elimu inayojulikana kwa kifupi kama MEXT, hutoa ufadhili unaogharamia ada, posho ya kila mwezi na tiketi ya ndege, na kwa Watanzania maombi hupitia Ubalozi wa Japani uliopo Barabara ya Ali Hassan Mwinyi. Ngazi ya utafiti huwa na kikomo cha umri wa chini ya miaka 35, na kuna mitihani na usaili. Mpango wa utafiti ndio unaosomwa kwa makini zaidi, na ukurasa ule wa hatua ya 8 ndio mbegu yake. Fuatilia matangazo ya ubalozi kila mwaka, kwa kuwa masharti hubadilika, na kabla ya kusafiri wasiliana na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kuhusu taratibu za wanaokwenda kusoma nje.

Mambo yakikwama

*Msimamizi anasema haya ni mambo ya watoto.* Usibishane kwa kusifia anime. Mwonyeshe makala moja ya kitaaluma na jedwali lako, kisha umwombe akosoe mbinu. Unaweza pia kumkumbusha kwamba Keiji Nakazawa, aliyenusurika bomu la Hiroshima akiwa mtoto, alichagua manga kuyasimulia aliyoyaona. Akikataa bado, tafuta msimamizi mwingine kwa utaratibu wa idara, bila ugomvi.

*Data ni ndogo.* Mara nyingi si ndogo, ila umeitazama kwa haraka. Rudi hatua ya 5. Sekunde 30 zilizochambuliwa vizuri hujaza kurasa nne.

*Data ni nyingi mno.* Punguza vipindi, usipunguze kina. Eleza kigezo cha kupunguza katika sentensi moja.

*Tafsiri mbili za sehemu ile ile zinapingana.* Umeokota dhahabu. Ziweke zote mbili kwenye jedwali, tafuta neno la Kijapani kwa msaada wa kana, na ufanye tofauti hiyo kuwa sehemu ya uchambuzi.

*Kibanda ulichokichagua kimefungwa, au DJ hataki kuhojiwa.* Ndiyo maana unatakiwa kuwa na vibanda viwili vya akiba tangu mwanzo. Kukataliwa nako kuandike, pamoja na tarehe.

*Nimemaliza kuandika na sasa siwezi kutazama anime bila kusimamisha kila dakika.* Hili hutokea karibu kwa kila mtu, nami lilinichukua miezi kadhaa. Tenga kazi moja ambayo hutaiandikia kamwe, uitazame na wadogo zako sebuleni, na daftari ulifungie chumba kingine.